Mfuko wa turubai wa kufunika ea klina ya trekta: nimeutumia msimu mzima

Nina trekta ndogo ya Kubota, iliyotumika, ya silinda 3. Inalima na kuvuruga (kulainisha tope kabla ya kupandikiza) majaruba ya mpunga huku Usangu, wilaya ya Mbarali. Tope la huku ni jeusi na linanata. Likikaukia kwenye rejeta injini inachemka, na likijaa kwenye ekseli za mbele sili zinaliwa, halafu oili ikivuja huioni kwa sababu kila kitu kina rangi moja. Kwa hiyo trekta lazima ioshwe. Lakini kuosha huko huko kunaweza kuua injini ukiacha mdomo wake wa kuvutia hewa wazi. Mimi ilibaki kidogo.

Ilikuwa Januari ya msimu uliotangulia, kazi imepamba moto. Kijana wa kaka yangu, ambaye ndiye dereva wangu, aliipeleka trekta sehemu wanapoosha magari na bodaboda. Mwoshaji akaanza kazi injini ikiwa inaunguruma, na mpira wa presha akauelekeza kwenye grili ili atoe tope la rejeta. Nyuma ya grili hiyo ndipo ea klina yetu, yaani kisafisha hewa cha injini, inapovutia hewa. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Simu yangu ikaita: "Shangazi, imezima yenyewe. Nipige stata?"

Namshukuru Mungu kwamba aliuliza kwanza. Nikampigia fundi wangu, naye hata salamu hakumaliza: "Mama, asiguse ufunguo. Asiguse kabisa, nakuja."

Alipofika alifungua ea klina mbele yangu. Kwa chini kuna kimpira laini chenye mdomo kama wa bata, ndicho kinachotolea vumbi. Alikiminya kwa vidole viwili, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakamwagikia kiganjani mwake. Filta yenyewe, ile ya karatasi, ilikuwa imelowa na kuvimba mpaka mikunjo imegandana. Hewa isingeweza kupita hapo hata ungeisukuma. Akafungua nozeli zote tatu za kunyunyizia dizeli, akazungusha injini polepole kwa mkono aone kama kuna maji juu ya pistoni. Ulitoka unyevu kidogo tu. Akachomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa safi, haijageuka nyeupe. Ndipo nikapumua.

Aliponieleza ndipo nilipoogopa kweli. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inawasha mafuta kwa kubana hewa mpaka ipate moto mkali, na trekta hizi ndogo zinaibana karibu mara 20. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kitakachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, na injini ikiwa kwenye kasi inaweza kutoboa hata bloku, yaani mwili wa injini. Mimi niliponea kwa sababu filta ilinyonya maji mengi na kuziba kabla hayajafika ndani. Bado nilipoteza siku mbili na filta moja, na mama mmoja jirani yangu miche yake ilizidi siku kitaluni akisubiri jaruba lake livurugwe. Hilo la miche liliniuma kuliko pesa.

Baada ya hapo tulianza kufunga ule mdomo kwa nailoni ya ndani ya mfuko wa urea, tukiikaza na mpira wa tyubu ya baiskeli. Inafaa ukiwa huna kitu kingine, ila sikuipenda. Presha ikiipata kwa pembeni inaichomoa. Na siku moja kijana aliisahau, akawasha. Injini iliivuta nailoni mpaka ikazama mdomoni kwa bomba, ikawa inahangaika kupumua. Tuliwahi kuizima na nailoni ikatoka nzima, haikuchanika. Ingechanika, vipande vingeingia ndani na tungerudi kwa fundi.

Ndipo nikaenda kwa fundi cherehani anayeshona vifuniko vya pikipiki na matandiko ya viti vya magari. Nilimpelekea kipimo cha mdomo wa ea klina kwa uzi, nikamwambia nataka kitu kama kofia ya kuogea: turubai zito la plastiki kwa nje, lastiki pana kwenye ukingo, na kamba ya kukaza juu ya lastiki. Alinitoza shilingi 8,000, akamaliza siku hiyo hiyo. Nimeutumia tangu msimu uanze mpaka mavuno, kila wiki mara moja, na wakati wa kuvuruga hata mara mbili.

Unazuia maji. Kila tukimaliza kuosha navua, napitisha kidole ndani ya mdomo, na ni pakavu. Ila mara mbili za mwanzo haikuwa hivyo, nilikuta vitone vichache. Tulidhani ni lastiki, kumbe maji yalikuwa yanapenya kwenye tundu za sindano, pale mshono unapozunguka. Niliusugua mshono kwa mshumaa, ndani na nje, nikaupitishia pasi ya mkaa juu ya kipande cha kitambaa ili nta iyeyuke iingie. Vitone vikaisha. Ukishonesha wako, mwambie fundi akunje turubai mara mbili kwenye mshono, au afanye hilo la nta kabla hajakukabidhi.

Kitu ninachokipenda zaidi hakimo kwenye ushonaji. Niliomba aweke kitanzi kirefu cha utepe mwekundu, na kwenye kitanzi hicho ndipo tunapofunga ufunguo wa trekta wakati wa kuosha. Huwezi kuwasha bila kuuchukua ufunguo, na huwezi kuuchukua ufunguo bila kukutana na mfuko. Tangu hapo hakuna aliyesahau, hata kijana wa zamu aliyekuja wiki moja tu.

Sasa kasoro zake. Turubai hili halipendi joto. Tuliuvika mara moja injini ikiwa imetoka shambani, upande uliogusa bomba ukalainika na kukunjamana, na alama ipo mpaka leo. Hata bila mfuko, maji baridi kwenye injini ya moto ni hatari, kwa hiyo tunasubiri kama nusu saa. Pia usiuache umevaa usiku kucha ukidhani unaikinga trekta, kwa sababu unyevu unajifungia ndani na karatasi ya filta inaunyonya taratibu.

Na mfuko hauondoi uzembe wa mwenye mpira. Mwoshaji akisogeza presha karibu, maji yatapita popote: kwenye stata, alteneta, nyaya, tundu la kijiti cha oili, kifuniko cha tangi la dizeli. Mimi nasimama pale pale na kumwambia mwoshaji akae mbali hatua mbili tatu, maji yatawanyike, na chini ya boneti asitumie presha kabisa. Hapo tunatumia ndoo, brashi na kitambaa. Rejeta tunaimwagia maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele, ili tope litoke kule lilikoingilia, maana presha inalaza yale mapezi yake membamba na hewa haipiti tena. Wengine watasema ni kujichosha. Kwangu saa moja ya ziada ni nafuu kuliko kuvunja injini Januari.

Tukimaliza, kijana anavua mfuko, anakiminya kile kimpira cha chini. Kikitoa maji, tunafungua ea klina na kuangalia filta kabla ya kitu kingine chochote. Filta iliyolowa hatuipulizi kwa kompresa, kwa sababu karatasi ikiwa na maji inachanika na huwezi kuona ilipochanika. Tunaweka kavu ya akiba. Kisha tunapiga grisi kwenye nipo zote (vile vichuchu vya kuingizia grisi), kwa kuwa maji yamesukuma ile ya zamani, na injini inawashwa ikae taratibu dakika kumi ijikaushe.

Kwa shilingi 8,000 sina cha kulalamika, na kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye tope kama sisi ningesema shonesheni kabla ya mvua za kwanza, wakati mafundi cherehani hawana foleni. Kama ea klina yako imepandishwa juu kwa bomba lenye kofia nje ya boneti, utahitaji mfuko mrefu wenye kamba sehemu mbili, huu wangu hautakaa.

Mimi nimeshaagiza wa pili, wa bomba la moshi, maana letu limesimama wima na likibaki wazi maji yanashuka moja kwa moja. Huo fundi cherehani ameniambia nisimletee kipimo cha uzi. Anataka aje mwenyewe apime bomba likiwa limepoa.