Uzoefu wangu na vyombo vya vyuma chakavu kutoka Gerezani

Vyombo vyangu vingi vya chuma jikoni nimevitoa kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kuuliza bei, muulize fundi chuma kimetoka wapi. Kisu cha springi ya gari na kisu cha bati la pipa vikishapigwa msasa vinang'aa sawasawa pale mezani. Kimoja utawaachia wanao, kingine kitashindwa na vitunguu kabla Ramadhani haijaisha.

Changu ni cha springi ya lori, zile bapa za nyuma. Chuma hicho kina kaboni ya zaidi kidogo ya nusu asilimia, na ndiyo inayokifanya kikubali kukomazwa, yaani kufanywa kigumu kwa kupashwa moto na kuchovywa. Chuma laini kisicho na kaboni ya kutosha, kama bati la pipa, hata ukichovye mara ngapi hakikomai. Nilikaa kwenye benchi nikaangalia kazi yote, maana napenda kujua hela yangu inaliwa na nini. Fundi alikipasha hadi kikawa chekundu na sumaku ikaacha kukishika, akakizamisha kwenye oili chafu ya injini. Baada ya hapo akakisugua kikawa cheupe, akakirudisha karibu na makaa, taratibu, mpaka makali yakageuka rangi ya nyasi kavu. Akiruka hatua hiyo, kisu kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika kama kigae. "Wengine hawana muda wa hii," akasema bila kunitazama.

Namna ya kupima kisu kilichokwisha kutengenezwa: omba tupa, ipitishe pembeni mwa makali. Ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikikila kwa urahisi, rudisha kisu mezani. Kama wanatumia grinda, angalia cheche pia: za springi hupasuka vinyota vingi vingi, za chuma laini hutoka ndefu na vinyota vyake ni vya kuhesabu.

Kasoro yake ni kutu. Ukikiacha na maji usiku mmoja asubuhi kina madoa, na ndimu inakipaka weusi. Ninakikausha, ninapaka mafuta ya kula kidogo, basi. Tano kwa tano.

Jiko la mkaa ni habari nyingine. Limekatwa kutoka pipa la lita 200 kwa tindo na nyundo, likakunjwa na kupigwa ribiti bila kuchomelewa popote. Ufundi siwezi kuulaumu, na kelele za pale zinakufuata hadi kituo cha mwendokasi. Tatizo ni bati lenyewe, ambalo ni jembamba. Sahani ya matundu inayobeba mkaa ilianza kupinda mapema, sasa imeliwa katikati. Tena jiko la bati tupu linapasha joto miguu yako kuliko sufuria. Lenye udongo ndani linabana mkaa vizuri zaidi, ongeza hela uchukue hilo. Tatu kwa tano, na hiyo tatu ni kwa sababu sahani inabadilishwa palepale kwa bei ya soda chache.

Uliza pia pipa lilibeba nini. Lililokuwa na rangi au dawa za viwandani mimi siligusi. Hata la oili nililiwasha tupu uani hadi moshi na harufu vikaisha, ndipo nikapika. Na usikubali jiko wala chuma cha chapati cha mabati ya kuezekea, yale yenye maua maua ya kijivu. Ile ni zinki, na ikiunguzwa sana moshi wake unaleta homa; mafundi wa kuchomelea wanaujua vizuri.

Mbuzi ya nazi nilichukua kwa jirani yao. Ulimi ni springi, meno yamechongwa kwa tupa moja moja, na nazi inatoka laini kama unavyotaka tui litoke. Ubao ndio ulioniangusha: ulikuwa mbichi, ukapasuka ulipokauka. Nyingine nitanunua ulimi peke yake, ubao nimpe seremala wa mtaani kwetu.