Miwani ya kamba kwa mcheza kaiti aliyefanyiwa leza: nimeivaa msimu mzima wa kusi, Paje

Nafundisha kaiti, mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, hapa Paje, mashariki ya Unguja, na macho yangu yamefanyiwa upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni, ule wa LASIK. Kusi iliyopita sikuingia baharini bila miwani hii ya michezo ya maji: lenzi za polikaboneti, mpira laini unaozunguka fremu kwa ndani, na kamba ya kukaza nyuma ya kichwa. Nimeinunua Dar es Salaam kwa shilingi 140,000. Ni pesa nyingi, najua, na bado nawaambia wenzangu waliofanyiwa leza kwamba inastahili.

Sababu iko kwenye LASIK yenyewe. Daktari hukata utando mwembamba juu ya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, anaufunua kama ukurasa wa kitabu, leza inachonga konea chini yake, kisha utando unarudishwa mahali pake bila kushonwa. Pembeni unashika upesi. Katikati haurudii tena nguvu uliyozaliwa nayo. Ndiyo maana kuna watu ambao utando umewasogea baada ya kupigwa jichoni, na upasuaji wenyewe ulishapita miaka kadhaa. Kidole tu kinatosha, au tawi la mti. Sasa fikiria bahari yetu: kamba za kaiti, baa ya kushikia, ukingo wa ubao, na maji yakipwa, vijiti vya mashamba ya mwani vimesimama juu ya mchanga. Mimi hofu yangu kubwa ni pigo, kuliko hata chumvi.

Kwa hilo miwani hii imenitosheleza. Polikaboneti haivunjiki vipande vipande kama kioo. Na fremu inakaa juu ya mfupa unaozunguka jicho, haigusi jicho lenyewe; hapo ndipo pa kukagua unapojaribisha dukani. Ibonyeze kwa kiganja: ukisikia kope zinagusa lenzi, irudishe. Nimeanguka kwa uso nikiwa kwenye kasi, maji yakanichapa, miwani ikashuka hadi kwenye mashavu na kuishia hapo, maana nilikuwa nimeikaza kamba. Kuna kikamba cha pili cha kufunga kwenye fulana. Kifunge hicho pia, kwa sababu hii yangu haielei.

Upepo wa kusi unakausha macho, na aliyefanyiwa leza anaujua ukavu huo, hasa miezi ya mwanzo. Macho yakikauka yanawasha, yakiwasha mkono unakwenda kusugua, na kusugua ndiko tunakokatazwa. Nikiwa nimevaa, upepo haunipigi moja kwa moja, nikitoka nje natia matone ya machozi bandia na maisha yanaendelea. Jua nalo lisidharauliwe. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, povu la mawimbi kama asilimia 25, kwa hiyo kofia peke yake haikusaidii na mwanga unaotoka chini. Angalia lebo iseme UV400, yaani lenzi inazuia miale hiyo. Lenzi ya kupunguza mng'ao ni jambo jingine. Hiyo inakusaidia kuona mwamba chini ya maji, na kwa kweli Paje inasaidia sana. Waliofanyiwa PRK, upasuaji wa leza usiokata utando, hawana cha kusogea, lakini kwao jua ndilo la kuogopwa zaidi, maana linaweza kuchangia ukungu kwenye konea inayopona.

Kasoro zipo. Matone yanaganda kwenye lenzi na chumvi ikikauka inaacha madoa meupe. Suuza kwa maji baridi ya bomba, usifute kwa fulana kavu, itakwaruza. Ukisimama upepo ukiwa mdogo, ukungu unajaa ndani hata matundu ya pembeni hayasaidii. Mwisho wa msimu rangi ya juu ya lenzi ilianza kubanduka ukingoni, na kwa bei ile nimeudhika. Kamba ya akiba hawauzi.

Jambo moja nalisema kwa mkazo, maana wanafunzi wangu huniuliza: miwani hii haizuii maji kuingia. Ina matundu. Kwa hiyo haikupunguzii siku za kusubiri baada ya upasuaji. Bahari na bwawa vina vijidudu, pamoja na amiba inayoweza kuharibu konea, na madaktari wengi wanakataza kuogelea kwa wiki 2 hivi, na michezo kama hii yetu mwezi mzima au zaidi. Tarehe aliyokupa daktari wako ndiyo hiyo. Na ukitaka kuzamia, tafuta barakoa inayofunika pua ili uweze kusawazisha hewa ndani yake kadiri unavyoshuka. Miwani ya aina hii si ya kazi hiyo.

Kwa rangi, chukua lenzi ya kahawia. Ile nyeusi sana, jioni saa kumi na moja wingu likitanda, huwezi kutofautisha kijiti cha mwani na kivuli cha wimbi.