Tyubu ya baiskeli au miguu ya springi? Nimejaribu kutuliza pleya ya santuri

Habari zenu wadau, karibuni tena sebuleni kwangu. Kabla sijaanza maneno, sikilizeni hiki. Pleya imezimwa, sahani haizunguki, na sindano imekaa juu ya santuri iliyosimama. Napandisha sauti polepole. Polepole kweli, usije ukaua spika zako halafu ukanitafuta mimi. Sasa nagonga kabati kwa kidole kimoja. Du! Umesikia? Hapo muziki hakuna, ni kabati linaimba.

Sindano haitofautishi wimbo na kabati. Imekaa kwenye mfereji mwembamba kuliko unywele, imelemewa na gramu 2 hivi tu, na chochote kinachoitikisa inakipeleka kwa amplifaya. Spika inapiga besi, besi inaingia kwenye kabati, kabati linatikisa pleya, sindano inaokota, amplifaya inakuza, spika inapiga tena. Ukiongeza sauti kidogo mzunguko unajishika, unasikia vuuuum inayokua yenyewe mpaka ukimbilie kitufe.

Huo mvumo nimeishi nao miaka, namlaumu fundi wa watu aliyenitengenezea amplifaya. Kumbe spika na pleya nilizipanga kabati moja, kama vikombe! Kwa hiyo nawaomba, kabla hujanunua chochote nitakachoonyesha leo, teremsha spika. Weka kwenye stendi, kama hakuna weka juu ya matofali. Hakuna kitu kwenye video hii kilichonisaidia kuzidi hilo, na sikutoa hata shilingi.

Na mjue mnatibu ugonjwa gani. Ulaya na Marekani nyumba nyingi sakafu zake ni mbao, mtu akipita tu sindano inaruka, ndiyo maana ushauri mwingi wa mtandaoni unahusu nyayo. Mimi hapa Dar niko juu ya zege. Watoto wanakimbizana na sindano haina habari. Ugonjwa wangu ni besi.

Haya, kitu cha kwanza. Hivi vipande vya raba ngumu, vile vinavyowekwa chini ya mashine ya kufulia. Vinasifiwa sana. Mimi nimekuja na rula. Nimepima unene kabla ya kuweka pleya na baada ya kuweka: vimezama milimita 2, labda hazifiki. Sasa hapa tulieni, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kitu kilichozama sentimita 1 chini ya mzigo wake kinadunda kama mara 5 kwa sekunde. Kilichozama milimita 2 kinadunda kama mara 11, na raba ikitikiswa huwa ngumu zaidi, kwa hiyo hata hiyo 11 ni kuipendelea. Kinga nayo haianzi papo hapo. Inaanza pale mtikisiko unaokuja unapozidi idadi hiyo kwa karibu mara moja na nusu. Chini ya hapo unapita kama ulivyo, na ukilingana na mdundo wa raba yenyewe unaongezeka.

Ubaya wa 11 ni upi? Mkono wa pleya pamoja na kichwa cha sindano vina mdundo wao wa asili, na kwa pleya nyingi uko kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Umemkuta mlevi, ukamwagizia nyingine. Nilipogonga kabati nikiwa na raba hizi, ile du ilibaki vilevile. Nimezirudisha chini ya mashine ya kufulia, huko zina kazi.

Cha pili, miguu ya springi, minne. Kila mguu una springi ndogo 7 unazoweza kuzitoa, na usipozigusa umekwisha. Pleya yangu ina kilo 6. Springi zote zikiwa ndani, miguu inazama kidogo tu, bado ni migumu mno. Nimepunguza mpaka 3 kila mguu, ikazama milimita 9. Hapo ni mara 5 na kidogo, ndiyo tunayoitaka. Upande wa mota ni mzito, nikaongeza springi moja, nikaweka pima maji ya fundi mwashi, ikakaa sawa. Gonga sasa... kimya. Kwa mbali sana labda. Shida yake ni kuyumba: ukishusha mkono, pleya nzima inacheza kama boti gatini. Mwenye mkono mzito atakwaruza santuri.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1961 Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, Marekani, alitoa pleya ambayo sahani na mkono vimekaa pamoja juu ya springi, mwilini mwake. Pleya za Thorens TD 160 na Linn Sondek LP12 ni za ukoo huo. Kama unayo mojawapo, usiiongezee springi nyingine. Itafutie rafu imara ya ukutani, basi. Na mwenye Technics SL-1200MK2, ile ya 1979, ina kilo 12 na nusu na raba nzito tumboni kwa sababu ilijengwa ikae disko. Wewe teremsha spika ukalale.

Sasa kipenzi changu, na nyumbani wameshanicheka vya kutosha. Tyubu ya baiskeli ya mtoto, inchi 12, ya Kariakoo. Juu yake kipande cha granaiti, mabaki ya fundi wa meza za jikoni, kilo 9 hivi. Pleya juu ya granaiti. Upepo jaza kidogo tu, jiwe lielee bila kugusa kabati. Ukijaza mpaka tyubu iwe ngumu, umerudi kwenye raba. Nimebonyeza, nimeachia, nimerekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu na kuhesabu: mara 4 kwa sekunde. Uzito wa jiwe unasaidia pia kuyumba kupungue, hata mkono wangu huu unaweka sindano bila wasiwasi.

Nagonga. Nagonga kwa ngumi... mnaona? Koni ya spika haijatingishika.

Naweka santuri ya dansi, ya inchi 7, zile ambazo wimbo unakatwa katikati ukageuze upande wa pili. Sauti iko pale ambapo zamani mvumo ulikuwa unaanza. Kifuniko nimekivua, maana nacho hupokea besi kama ngoma. Nikimaliza nakirudisha, vumbi la mtaa huu mnalijua.

Kero ni upepo. Unapungua polepole, jiwe linainama upande mmoja. Mdomo wa tyubu nimeuelekeza mbele makusudi: pampu mara mbili, pima maji, tunaendelea.