Jedwali la mishahara la BLS: linamfaa kiasi gani msaidizi wa tiba Marekani?

Msaidizi wa tiba katika kliniki za Marekani ndiye anayekupima presha, anayekutoa damu na kukuchoma sindano kwa agizo la daktari, kisha anarudi mezani kupanga miadi na kufuatilia bima. Si muuguzi, wala si tabibu. Akitaka kujua kama analipwa sawasawa, hukimbilia tovuti za kutafuta kazi, na kila moja humpa tarakimu yake. Jedwali la mishahara la BLS, yaani Ofisi ya Takwimu za Kazi ya serikali ya Marekani, ni bora kuliko hizo zote: ni la bure, halidai usajili, na takwimu zake zinatoka kwa waajiri wenyewe. Tunalitunuku jedwali hili nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotea kwa sababu mambo kadhaa yanayopandisha au kushusha mshahara wa kazi hii hayaonekani humo.

Tafuta kwa namba ya kazi, 31-9092, maana majina ya kazi za afya yanafanana mno. Ukishaipata, usiishie kwenye takwimu za nchi nzima. Shuka hadi jimbo, kisha eneo la jiji. Kwenye safu, wastani uache, kwani wachache wanaolipwa vizuri huuvuta juu. Soma asilimia ya 50, yaani kiwango ambacho nusu ya wafanyakazi wako chini yake na nusu wako juu. Mei 2024 kiwango hicho kwa nchi nzima kilikuwa dola 44,200 kwa mwaka, sawa na dola 21.25 kwa saa.

Hapo kwenye "kwa mwaka" ndipo wengi wanapoteleza. BLS huchukua malipo ya saa na kuyazidisha kwa saa 2,080, yaani saa 40 kwa wiki 52. Kliniki nyingi haziendi hivyo. Chukua ofa ya dola 20 kwa saa, wiki ya saa 36: ni saa 1,872 kwa mwaka, dola 37,440. Jedwali lingeiandika 41,600. Dola 4,160 zimeyeyuka bila mtu kukudanganya. Linganisha saa kwa saa, basi. Safu ya mwaka waachie wanaoandika vichwa vya habari.

Upande wa pili, ovataimu haimo, wala nyongeza ya shifti ya jioni na wikendi. Anayefanya jioni katika kituo cha dharura kwa nyongeza ya dola 1.50 anaingiza dola 3,120 zaidi kwa mwaka wa saa kamili, na jedwali halizioni. Bima ya afya na karo anayolipiwa na mwajiri nazo hazihesabiwi.

Kosa jingine ni kudhani asilimia ya 10 ndiyo ya anayeanza na ya 90 ndiyo ya mkongwe. Safu hizo hazipimi uzoefu hata kidogo. Mwenye miaka kumi na tano katika ofisi ya tabibu wa mgongo anaweza kuwa chini ya kijana wa mwaka mmodi aliyeajiriwa na hospitali kubwa. Aina ya mwajiri ina nguvu kweli: vituo vya wagonjwa wasiolazwa hulipa juu kuliko ofisi za madaktari. Mgawanyo huo uko kwenye ukurasa wa kazi yenyewe, lakini ni wa nchi nzima tu.

California inaonyesha vizuri jinsi mwajiri anavyobadilisha hesabu. Sheria ya SB 525, iliyoanza kutumika 16 Oktoba 2024, iliwataka waajiri wa afya wenye wafanyakazi 10,000 au zaidi kulipa mwanzoni angalau dola 23 kwa saa, huku kliniki nyingine zikipangiwa viwango vya chini ya hapo. Ofisi binafsi yenye madaktari wasiofika 25 haikubanwa. Majirani wawili wenye kazi ileile, jengo hadi jengo, wana sakafu tofauti ya mshahara. Takwimu za Mei 2024 zilikusanywa kabla ya hapo. Tena kila toleo hutumia sampuli za miaka mitatu, kwa hiyo ongezeko la ghafla huchelewa kuonekana.

Kuhusu vyeti, jedwali liko kimya kabisa. Haliulizi kama una CMA, RMA au CCMA, yaani vyeti vya msaidizi wa tiba vinavyopatikana kwa mtihani, hivyo huwezi kulitumia kuamua kama ada ya mtihani itarudi. Jibu la haraka lipo kwenye sheria za jimbo. Jimbo la Washington (si jiji kuu) halimruhusu mtu kufanya kazi hii bila kibali cha idara yake ya afya, nalo huwa miongoni mwa yanayolipa zaidi, ingawa maisha ya Seattle nayo ni ghali. Pasipo sharti la jimbo, muulize mwajiri kabla ya kujisajili kwa mtihani: cheti kinaongeza senti ngapi kwa saa, na nyongeza inaanza lini? CMA huhuishwa kila baada ya miezi 60 kwa pointi 60 za mafunzo, kwa hiyo uliza pia nani atayalipia.