Studio ya Ngamiani iliyomfuta baba yangu sijida

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu biashara ya mtu, lakini hasira niliyotoka nayo katika studio moja ya picha hapa Ngamiani, Tanga, imekataa kupoa, na majuma yanazidi kupita.

Nilimpeleka baba apigwe picha ya uso, ya karibu kabisa, kuanzia kidevu hadi paji, kwa sababu sisi watoto wake tulitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni ambayo mtu akiisogelea ataiona ngozi ya mzee kama ilivyo. Baba alikata mkonge kwa miaka mingi upande wa Korogwe, na jua la shambani halikumwacha hivi hivi: ana makunyanzi yaliyotawanyika pembezoni mwa macho, ana kovu dogo chini ya jicho la kushoto alipochomwa na mwiba wa ncha ya jani, na ana sijida nyeusi iliyokolea kwenye paji. Hayo ndiyo tuliyoyataka, na nilisema hivyo wazi kabla ya kulipa.

Kwenye upigaji sina neno. Mpigapicha, kijana mpole aliyemwamkia baba shikamoo kabla hata ya kuniuliza mimi shida yangu, alizima ile taa kubwa ya mbele iliyovikwa kitambaa cheupe, akanieleza kwamba mwanga laini unaotoka mbele hufukuza vivuli vyote vidogo na kuuacha uso bapa, kisha akaiweka taa moja ubavuni ili kila kunyanzi litupe kivuli chake. Alifunga lenzi ya milimita 100, akalibana tundu lake hadi f/11, kwa kuwa kwa umbali ule mdogo lenzi ikiachwa wazi sana kope hutoka safi ilhali pua na masikio yanafifia. Fokasi aliitia kwenye jicho lililokuwa karibu na kamera. Aliponikuzia picha katika kioo cha kamera niliona vinyweleo vya mashavu, nikaona ndevu nyeupe zinavyochomoza mojamoja, nikaona hata ukingo wa lile kovu unavyong'aa. Nilifurahi mno, nikamwachia na ya soda.

Niliporudi na baba kuichukua picha iliyokwisha kuhaririwa, tulikabidhiwa uso kama yai lililomenywa. Makunyanzi hayakuwapo, kovu halikuwapo, na ile sijida, ambayo mzee ameipata kwa kusujudu umri wake wote, ilikuwa imezibwa kwa kipande cha ngozi ya pembeni yake kana kwamba ni chunusi. Macho tu ndiyo yaliyoachwa makali, tena yamekolezwa kupita kiasi.

Mhariri ni mtu mwingine kabisa, naye alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta bila kumwamkia mzee wala kuinua uso. "Dada, hiyo ndiyo HD yenyewe," aliniambia. Nilipomkumbusha kwamba tulikubaliana ngozi ibaki, akanijibu kwa sauti iliyowafikia wateja wote waliokuwa kwenye benchi: "Sasa kama unataka makunyanzi, si ungempiga kwa simu yako?"

Jibu hilo limenikaa kooni mpaka leo. Kwanza, mdogo wangu, simu nyingi siku hizi zina kilainishi chake cha ngozi kwenye kamera, na mara nyingine kimewashwa kabla mwenyewe hujajua kipo. Pili, ningetaka picha ya simu ningekuja kwako kufanya nini?

Nakiri kwamba baba mwenyewe aliicheka picha, akasema wamemrudisha ujanani bila nauli, na yule mhariri akaona amekwisha kushinda. Lakini tulipotoka nje mzee aliniuliza, kwa utaratibu tu, kwa nini wameiondoa sijida yake, na kama waliidhani ni uchafu. Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi ndani.

Hapo ndipo mhariri alipofanya jambo lililonionyesha kwamba hata kazi yenyewe haijui vizuri. Badala ya kuifungua upya picha ya awali, aliichukua ileile aliyokwisha kuilainisha, akavuta kitufe cha kuongeza ukali hadi mwisho. Kuongeza ukali hakurudishi kilichofutwa. Huzidisha tu tofauti ya weusi na weupe pale penye kingo. Kwa hiyo ndevu za baba zikazungukwa na mstari mweupe, na mashavu, yasiyokuwa tena na chochote cha kukolezwa, yakabaki vilevile. Kisha akanyunyizia chembechembe za bandia juu yake na kuniambia: "Haya, ngozi yako hiyo."

Niliomba mafaili ya RAW, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera, nipeleke kwa mtu mwingine. Akasema hawatoi, ni utaratibu wa ofisi. Utaratibu huo haukuandikwa kwenye risiti wala ukutani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa heshima ya mpigapicha, na kumshauri msomaji aende, ila adai iandikwe kwenye risiti kwamba ngozi isiguswe. Ushauri huo unaweza kumfaa mwenye subira kuliko mimi. Lakini kila nikilikumbuka lile neno la simu, alilolisema mhariri mbele ya mzee mwenye umri wa kumzaa baba yake, naziona nyota tatu ni nyingi. Mpigapicha akihama pale nitamfuata popote atakapofungua, hata kama ni Muheza. Studio yenyewe naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya ile shikamoo. Mafaili ya baba yangu bado yamo kwenye kompyuta yao, na sijaacha kuyadai.