Mfuko wa jamii ulitupa ruzuku ya ndiva, kisha ukalikataa daftari letu

Nimesita sana kuandika haya, kwa sababu bila mfuko huu ndiva yetu, bwawa letu la kumwagilia mashamba, ingekuwa bado shimo la matope. Lakini kila nikikumbuka siku ile ofisini kwao damu inanichemka. Mtu akiniuliza "vipi ule mfuko wa jamii, na sisi tuombe?", asubuhi namjibu hivi na jioni namjibu vile. Basi wacha niseme yote.

Kwanza tuelewane ni mfuko gani, maana huku kijijini ukitaja mfuko wa jamii watu wanadhani ni TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na wastaafu wanadhani ni mambo ya pensheni. Huu si wa serikali. Unakusanya michango ya wenyeji, ya watoto wetu walioko mijini na ya wafanyabiashara, sehemu inawekezwa ili mtaji usiliwe, halafu kinachopatikana wanagawiwa vikundi vidogo vya eneo hilohilo. Kwenye mafunzo walitueleza kwamba utaratibu huu ulianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na kwamba wenzetu wa Kenya wana mfuko wa namna hiyo unaohudumia nchi nzima tangu 1997. Mimi wazo lenyewe nalipenda mpaka leo. Mfadhili mkubwa anataka andiko la Kiingereza na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kikundi cha wakulima wa tangawizi na maharage kitazitoa wapi? Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wenye biashara, na inarejeshwa. Huwezi kukopea ukuta wa bwawa la watu wote.

Mfuko huu ulipokea maombi yetu kwa Kiswahili, yameandikwa kwa mkono, kurasa nne. Wakapanda mpaka huku, wakakaa kwenye mawe pamoja nasi, wakauliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kutuuliza: "Ninyi wenyewe mna nini?"

Tukajibu tuna mikono yetu. Wakaandika.

Kwa asiyeijua Upare, ndiva ni bwawa dogo la jadi la kumwagilia. Jioni mnaziba mlango, maji ya kijito yanajikusanya usiku kucha, alfajiri mnafungua na mfereji unateremsha maji shambani kwa zamu. Mababu zetu walizijenga kwa mawe na udongo wala hakuna aliyewafundisha. Ya kwetu ilikuwa imejaa tope, ukuta umechimbika kwa chini, na mwenye shamba la mwisho wa mfereji alikuwa anapata maji ya kunawa miguu. Ruzuku ilikuwa shilingi milioni 8 kwa awamu mbili, tano kisha tatu. Sisi tulitakiwa kuchangia milioni 2.

Sasa nije kwenye daftari.

Ni kaunta buku ya kwaya mbili, jalada jeusi. Mweka hazina wetu hulifunga kwenye kipande cha kanga kikuukuu. Kila siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, baragumu lililia alfajiri, watu wakateremka na majembe, sururu na makarai, na jua likishapanda wakipumzika kula makande, yeye alipita na daftari. Anayejua kuandika aliandika jina. Wazee wasiojua waliweka dole gumba, wino wa bluu, na yeye akaandika jina pembeni kwa mwandiko wake wa kulala. Siku 19. Tulipojumlisha tukapata vibarua 1,140, mtu mmoja kwa siku moja ni kibarua kimoja, na kibarua huku kwetu ni shilingi 5,000 kwa siku. Hiyo ni milioni 5 na laki 7. Tulidaiwa milioni 2, tumetoa karibu mara tatu yake. Fedha taslimu tulichangishana laki 6 na elfu 40, nazo ziliandikwa ukurasa wake.

Tulipoteremka kupeleka marejesho, yaani hesabu za matumizi, ya awamu ya kwanza tulikuwa watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi katibu. Basi liliondoka giza bado halijatoka, tukafika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tuliwekwa kwenye benchi mpaka baada ya chakula cha mchana. Hilo nimelisamehe, ofisi zina kazi.

Aliyetupokea alikuwa kijana, afisa wa miradi, mgeni kwetu. Wale waliokuja kijijini mwanzo hawakuwepo. Hakutoa shikamoo. Mweka hazina wetu ni bibi mwenye wajukuu walio chuo. Kijana alibaki amekaa, akatuonyesha viti kwa kidevu. Risiti za saruji na nondo alizipitia, zilikuwa za mashine, akasema sawa. Bibi akafungua kanga yake taratibu, akaweka daftari mezani. Yule kijana akalifunua kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegeuza kitu kilichookotwa jalalani. Kuna ukurasa una doa la tope. Siku ile mvua ilitukuta tukiwa ndani ya bwawa.

"Hili nalo nini?"

"Mwanangu, hayo ndiyo mahudhurio ya msaragambo. Ndiyo mchango wetu."

"Bibi, mimi nataka risiti. Hivi vidole vyenu nitampelekea mkaguzi gani?"

Akalisukuma. Akasukuma kwa nguvu kuliko alivyokusudia labda, sijui, lakini lilianguka. Bibi akainama mwenyewe kuliokota, akalifuta kwa ile kanga, akalifunga, akalipakata. Hakusema neno. Mwenyekiti alitaka kuinuka, nikamshika mkono. Yule kijana akaandika kwenye karatasi yake kwamba mchango wa jamii ni shilingi 640,000, pungufu 1,360,000, awamu ya pili isitolewe.

Nimefundishwa na mfuko huohuo kwamba fedha za watu lazima zithibitishwe, na nakubali. Nimeshaona vikundi vikifa kwa sababu mwenyekiti ndiye benki. Lakini risiti ya jasho inatolewa na duka gani? Mzee aliyebeba mawe kichwani siku 19 aende akanunue wapi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Hata mama aliyetuuzia mahindi ya makande hana mashine ile, wala sheria ya kodi haimlazimishi muuzaji mdogo kama yeye kuwa nayo. Serikali yenyewe wananchi wakiinua boma la darasa, inakuja kumalizia na inaandika nguvu za wananchi ni kiasi gani. Sembuse mfuko unaojiita wa jamii! Kama wanachohesabu ni noti tu, basi wamchangishe mwenye noti, wasipande milimani kutuuliza tuna nini.

Na hasara haikuwa ya maneno tu. Awamu ya pili ndiyo ilikuwa ya kupiga plasta ukuta kwa ndani na kuweka mlango wa chuma. Tulisubiri. Tulipiga simu, tukaambiwa faili liko kwa mkurugenzi. Vuli ikanyesha ukuta ukiwa uchi, maji yakaanza kupenya kwenye viungo vya mawe upande wa chini, na usiku mmoja tuliamshana kuziba kwa viroba vya mchanga. Watu wakaanza kuniuliza njiani hela zimeenda wapi. Mimi, katibu! Nimeishi kijiji hiki maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza nikaona watu wananyamaza nikifika kisimani.

Ningeandika haya wakati ule, ningewaambia wote: msiwasogelee kabisa watu hawa.

Kilichobadilisha mambo ni mzee mmoja wa bodi yao, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa tarafa ya jirani. Tulimwandikia barua, nakala kwa mtendaji wa kijiji na Afisa Maendeleo. Hakujibu. Alikuja. Alipanda na bodaboda kwenye ile njia yenye utelezi, kwa umri wake, akafika amelowa mpaka magotini. Akaanza na salamu, nyumba kwa nyumba kama inavyotakiwa, kisha akamwambia mweka hazina, "Mama, niletee daftari." Akakaa chini ya mgrevilea na miwani yake, akasoma ukurasa baada ya ukurasa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Akikuta dole gumba anauliza, "Huyu yupo?" Anaitwa. Anakuja. "Baba, ulifanya kazi gani?" Mmoja akamwonyesha kovu la jiwe kwenye goti, mwingine akampeleka kwenye kipande cha ukuta alichokijenga yeye. Alikuta makosa mawili, jina limeandikwa mara mbili siku moja, na mama mmoja aliyeandikwa siku aliyokuwa msibani. Akayakata kwa kalamu nyekundu, akatia saini pembeni, na bibi akatia yake.

Huo ndio ukaguzi. Alitukagua kwa ukali kuliko yule kijana, na hakuna aliyehisi amedhalilishwa. Hata yule mama wa msibani alicheka akasema kweli, siku ile sikuja.

Awamu ya pili iliingia baada ya majuma machache. Plasta imepigwa, mlango wa chuma umefungwa, na mwenye shamba la mwisho kiangazi kilichopita alipata zamu yake kamili. Tangawizi yake nimeiona, vidole vinene vimejaa. Na niseme haki: yale mafunzo ya siku tatu ya kutunza fedha, kwamba hundi isainiwe na watatu na daftari la fedha lisomwe mbele ya mkutano, ndiyo yaliyotuokoa watu walipoanza kutushuku. Nilisimama nikasoma kila shilingi. Hilo nililijifunza kwao. Nikisema mfuko ni mbaya nitakuwa mwongo.

Lakini nikisema ni mzuri, nakumbuka lile daftari sakafuni. Hakuna aliyemwomba bibi radhi. Mzee wa bodi alisikitika kwa niaba yao, ila yule kijana hajasema kitu, na ofisi haikuandika hata mstari mmoja. Kibaya zaidi, fomu yao ni ileile. Sehemu ya mchango wa jamii bado inadai "ambatanisha risiti". Sisi tulibahatika kupata mzee mwenye miguu ya kupanda mlima. Kikundi cha kule ng'ambo ya bonde hakikumpata, waliacha mradi wa zahanati katikati, na matofali yao yameota majani. Mfuko haupaswi kutegemea huruma ya mtu mmoja. Waweke ukurasa mmoja tu wa mahudhurio, wenye safu ya jina, kazi, siku na dole gumba, na waje kuuhakiki hukuhuku waliko watu waliofanya kazi.

Kwa hiyo anayeniuliza aombe au asiombe, namwambia aombe. Ila asipeleke daftari peke yake, aende na mashahidi, kila ukurasa apige muhuri wa mtendaji, na atake mtu wa mfuko afike msaragamboni angalau mara moja kazi ikiendelea. Na akikutana na kijana asiyeamkia wakubwa, amwambie palepale. Mimi sikusema, na ndicho kinachoniuma kuliko hata ile pungufu.

Juzi wametangaza tena ruzuku. Tumekaa kikao kuhusu mfereji wa chini, wengi wakasema tuombe. Mweka hazina alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema atatia saini iwapo daftari litatangulia. Basi tumetoa nakala za kurasa zote tukaziweka juu ya fomu, risiti zikaja nyuma. Tumepeleka wiki hii. Ukurasa wa juu kabisa aliuchagua mwenyewe: ule wa siku ya mvua, wenye doa la tope na vidole gumba vitatu.