Uzoefu wangu na huduma ya maswali, habari na kumbukumbu za kila asubuhi

Huduma ninayoitathmini hapa hutumwa kwa WhatsApp kila siku kabla ya saa moja asubuhi, kwa Kiswahili, ikiwa na maswali ya maarifa ya jumla, habari fupi za dunia, na matukio ya kihistoria yaliyotokea tarehe kama hiyo katika miaka ya nyuma. Ada hulipwa kwa M-Pesa kila mwezi. Ninaendesha kinyozi mtaani Kondele, hapa Kisumu, na nilijiandikisha ili wateja wanaosubiri zamu wapate la kuzungumza zaidi ya matokeo ya Gor Mahia.

Kumbukumbu ndizo zinazonifanya niendelee kulipa, hasa zinapounganishwa na habari za siku yenyewe. Toleo la tarehe 20 Januari 2025 lilikuwa la kupigiwa mfano. Habari kubwa ilikuwa kuapishwa kwa Donald Trump, na waandishi walieleza kwamba hapo zamani marais wa Marekani walikuwa wakiapishwa tarehe 4 Machi, mpaka katiba ikarekebishwa mwaka 1933, na Franklin Roosevelt akawa wa kwanza kuapishwa tarehe 20 Januari, mwaka 1937. Chini ya habari hiyo alitajwa Amílcar Cabral, kiongozi wa harakati za ukombozi wa Guinea-Bissau, aliyeuawa mjini Conakry tarehe iyo hiyo mwaka 1973, miezi michache kabla ya Guinea-Bissau kujitangazia uhuru mwezi Septemba. Kisha akafuata Jaramogi Oginga Odinga, aliyefariki mwaka 1994. Wazee waliokuwa kwenye benchi walianza na Trump, lakini haikuchukua muda kabla ya kuwasimulia vijana jinsi Jaramogi alivyojiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 akaongoza chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union), na jinsi chama hicho kilivyopigwa marufuku mwaka 1969 baada ya damu kumwagika papa hapa Kisumu. Mteja mmoja alikwisha kunyolewa, akalipa, akarudi kuketi ili asikie mwisho wa mazungumzo.

Hata hivyo, mara nyingi kumbukumbu hizo huandikwa kana kwamba wasomaji wote wanaishi Ulaya. Tarehe 11 Novemba tuliambiwa kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilimalizika siku hiyo mwaka 1918, basi. Hayo ni kweli kwa Ufaransa na Ubelgiji, lakini huku Afrika Mashariki jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Katika eneo ambalo wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza na wengi wao hawakurudi, wiki hizo mbili si jambo dogo. Niliwaandikia, na ninawapongeza kwa kuwa tarehe 25 ilipofika waliweka aya nzima kuhusu tukio hilo, tena iliyoandikwa vizuri.

Maswali hayana kiwango kimoja. Yale ya miji mikuu hurudiwa mno, na sioni ni mtu mzima gani anayehitaji kuulizwa tena mlima mrefu kuliko yote Afrika. Lililotusisimua zaidi liliuliza reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901 ilikuwa imeingia katika himaya gani, na jibu lilikuwa Uganda, kwa sababu eneo hili lilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Kijana anayenisaidia kazi alikataa kata kata mpaka mwalimu mmoja mstaafu alipothibitisha. Majibu hutumwa jioni, utaratibu ambao kwa biashara yangu una faida, kwani wapo wanaopita tena kuyaulizia.

Wakikosea, masahihisho huwekwa mwishoni kabisa mwa toleo linalofuata, mahali ambapo wachache hufika. Waliwahi kuandika kwamba Kenya ilikuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1963, ilhali siku hiyo tulipata uhuru na jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye. Kosa la namna hiyo lilistahili kusahihishwa juu, kwa herufi nzito.

Kuhusu habari za dunia sina mengi: karibu zote huwa nimekwisha kuzisikia redioni, na picha zinazoambatana nazo ni nzito na hula data bure. Kwa bahati nzuri kuna kifurushi cha maswali na kumbukumbu pekee, ambacho ni nafuu zaidi. Nimehamia hicho, na ndicho ningemshauri mtu mwenye redio nyumbani akichague, ila alipe kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu huduma hukatwa usiku wa manane bila kukumbushwa.